Saa Moja na Dakika Hamsini

4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hujanisalimia. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikikaribia neno lenyewe unaitwa zamu, au mtandao unapotea, au kuna mtu mlangoni kwako. Barua haina wa kuikata. Itakaa mezani ikikutazama mpaka uijibu.

Baba ameanguka bafuni. Usishtuke, hakuvunjika. Lakini tangu siku hiyo hawezi kuinuka mwenyewe. Asubuhi namwinua, namwogesha, namvisha, namkalisha nyuma ya nyumba, ndipo nakimbia kazini. Mchana mama jirani anamwangalia. Jioni narudi tunaanza upya. Nimechoka, na sisemi hivyo kama watu wanavyosema wakitoka sokoni. Juzi nilisinzia nimesimama, pasi mkononi, nikaunguza shuka ya watu.

Naomba kitu kimoja. Chukua likizo Aprili, uje ukae naye wiki mbili, mimi nilale. Sina ombi jingine.

Halafu Baba ana swali lake. Unamjua, mtu aliyeendesha treni ya mizigo maisha yake yote hawezi kusikia mji ukitajwa asiulize umbali. Anataka kujua kutoka huko kwako mpaka huku ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani. Kila Jumanne na Ijumaa ndege ikipita juu ya nyumba kwenda kutua, anaipungia mkono. Nimemwambia wewe unahudumia ndege za kaskazini, hii si yako. Anasema anajua, na bado anapunga.

Dada yako


13 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana, na Baba mpe pole na shikamoo zake.

Mwambie ni kilomita elfu moja mia mbili na themanini, na angani ni saa moja na dakika hamsini. Siku ya upepo mbaya inafika saa mbili. Sisi hutangaza maneno hayo kabla ya kuondoka, abiria wakiwa wanafunga mikanda, na hakuna anayesikiliza.

Likizo ya Aprili imekataliwa. Wenzetu wawili wameacha kazi na sisi tuliobaki tunazungushwa kama feni. Nalala nikisikia injini, naamka nikiuliza mto wangu kama utakunywa chai au juisi. Najua utasema saa moja na dakika hamsini si kitu. Ni kweli kwa abiria. Mimi niongezee ruhusa ya bosi, niongezee zamu za kufidia, na njia zangu zote ni za kaskazini. Ukijumlisha hivyo, kwetu ni mbali kuliko unavyodhani.

Na tafadhali usimwache Baba akae nyuma ya nyumba kila siku. Vumbi la ile barabara mpya ya uwanja wa ndege litamwingia kifuani. Wala asipungie ndege. Watu watamcheka.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Nimempa Baba hesabu yako. Alifumba macho akaipiga kwa mwendo wa treni yake, akasema ni siku tatu, nne kama ng'ombe wamelala relini. Kisha akasema saa moja na dakika hamsini ni muda wa mtu kunywa chai na kujuta kwa nini hakuongeza sukari. Alicheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Mimi nimebadilisha kazi. Bado nafua na kupiga pasi, ila mahali pengine, mashine ni kubwa na hazivuji. Mgongo ndio uleule nimehama nao.

Habari mbaya ni kwamba mama jirani anahama mwisho wa Mei, anamfuata bintiye. Amenieleza akiwa hanitazami usoni, maskini, kana kwamba ananifukuza yeye. Akiondoka hakuna wa kukaa na Baba mchana. Nitaacha kazi, au nitamfungia ndani kama kuku. Sasa siongelei tena usingizi, bwana mdogo. Naongelea nani atamshika Baba kuanzia Juni.

Na nimejiuliza jambo. Barabara mpya umeijuaje? Imeanza kujengwa mwaka jana, na wewe hujatia mguu huku mwaka wa nne.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barabara uliniambia mwenyewe kwenye simu, umesahau tu kwa uchovu.

Nipe muda kuhusu Juni. Naongea na watu. Kuna mtu hapa anasema zipo nyumba za kutunzia wazee, sijui Baba angeonaje. Usikasirike, nawaza tu kwa kalamu.

Naandika nikiwa nimevaa viatu, gari la wafanyakazi linapiga honi.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Sikukuambia kazi yangu mpya iko wapi kwa sababu hukuuliza. Ni kwenye chumba cha kufulia cha hoteli iliyo njiani kwenda uwanja wa ndege.

Wiki iliyopita ndege iliharibika, wahudumu wake wakaletwa kulala hotelini kwetu. Asubuhi likaja kapu la mashati yao, meupe yote, yanafanana kama mayai.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akitushonea kifungo cha mwisho cha mashati ya shule kwa uzi mwekundu, ili yasichanganyike na ya watoto wengine? Shati likichomekwa hakuna anayeona. Tangu Mama afariki sijakutana na mtu mwingine anayeshona hivyo, isipokuwa mimi, na wewe niliyekufundisha kushika sindano.

Kifungo chako kilikuwa kinalegea. Nimekikaza.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hii naiandika nimeinamisha kichwa.

Ni kweli. Njia ya kwetu ndiyo njia yangu tangu mwaka jana, kila Jumanne na Ijumaa. Tunatua, abiria wanashuka, tunaokota magazeti na kunyoosha mikanda, wengine wanapanda, tunaondoka. Dakika arobaini tu, na haturuhusiwi hata kuvuka ule ukuta wa vioo. Barabara nimeiona kutoka juu. Na yeye nimemwona. Kiti ninachokalia wakati wa kutua kina kidirisha pembeni, na tukiwa chini chini naona bati letu, na nyuma yake mtu amekaa.

Nilitaka kuwaambia. Nikawaza kwamba nikisema tu, Baba atadai kuletwa uwanjani kila Jumanne asimame kwenye uzio. Na kusimama huko nakujua mimi. Mama alituogesha, akatupaka mafuta, akatupanga karibu na reli nyuma ya nyumba. Treni inakuja, Baba anapiga honi, tunaona mkono wake, basi. Yanabaki mabehewa. Wewe ulikuwa unarukaruka kwa furaha. Mimi nilikuwa nasubiri asimame. Kila mara nilidhani leo atasimama, na niliumia kila mara. Sikutaka Baba anisubiri mimi namna hiyo.

Sababu hiyo ni nzuri, na ningependa iwe ndiyo pekee. Lakini siku ile ndege ilipoharibika sikuwa na dakika arobaini, nilikuwa na jioni nzima. Nilipanda teksi, nikashuka kwenye kona ya duka la mkaa, nikatembea mpaka dirishani. Mlikuwa mmewasha taa. Ulikuwa umemwinua Baba kutoka kitini, umempitishia mkono kwapani, yeye amekushika shingo, na mmesimama hivyo mnavuta pumzi kabla ya kuanza kutembea. Nikajua nikigonga huo mlango zamu yangu imeanza, na haina mtu wa kuja kunipokea. Nikageuka. Nilikuwa nimechoka, dada, lakini hilo haliwezi kuwa jibu, maana niliyekuwa namtazama alikuwa amechoka kuliko mimi.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliificha siku tatu. Baba akaniuliza mbona napika kama nagombana na sufuria. Nikamsomea. Unajua masikio yake yalivyokwisha kwa kelele za injini, kwa hiyo nimeisoma kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo, na mtaa mzima sasa unajua habari zako. Ndiyo malipo yako.

Nilipofika pale pa kidirisha alinisimamisha. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nampungia mwenyewe."

Hakukasirika. Nilitaka akasirike, nisiwe peke yangu. Aliuliza ndege inasimama dakika ngapi, nikamrudia, arobaini. Akasema yeye hakuwa na hata moja. Kupunguza mwendo tu hapo nyuma ya nyumba waliwahi kumwandikia barua ya onyo, na alipunguza tena siku iliyofuata. Nilikuwa sijui. Wewe pia hukujua. Ule mkono tuliokuwa tunauona kwa muda mrefu kidogo, tulidhani ni treni nzito.

Na mimi sikuwa naruka kwa furaha. Mama alikuwa analia nyuma yetu, kila mara, kimya kimya, akijipangusa kwa kanga. Niliruka ili wewe unitazame mimi, usigeuke ukamwona. Miaka yote hii unanikumbuka kama mtoto aliyefurahi.

Sasa sikiliza. Mimi bado sijakusamehe, tusidanganyane. Ulinitazama dirishani kisha ukaenda kulala kwenye shuka nilizozipiga pasi mwenyewe. Lakini Baba amekata shauri. Anasema, "Mwandikie asije. Nitakwenda mimi." Anasema amepeleka saruji na mahindi ya watu kila kona, hajawahi hata siku moja kupelekwa yeye. Anataka akae kiti cha abiria, apelekwe kwako, akae kwako.

Nimejaribu kumkatalia kwa moyo mmoja, na kwa moyo mwingine nikaanza kukunja nguo zake. Mama jirani ameanza kufunga mizigo. Niambie, unamchukua au humchukui? Usinijibu kwa zamu wala kwa upepo.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Namchukua.

Nina chumba kimoja, kiko chini, hakina ngazi. Nimeweka chuma cha kushikilia bafuni, nimekipigilia mwenyewe na kimeshaanguka mara moja. Fundi amekirudia. Mama mwenye nyumba anauza maziwa hapohapo mlangoni, amesema Baba atakaa naye ninapokuwa kazini.

Wafanyakazi tunapewa tiketi za wazazi, lakini ni za kusubiri nafasi. Kiti kikibaki wazi anapanda, kisipobaki anarudi. Siku za katikati ya wiki nafasi hazikosekani. Mlete Jumanne ya mwisho wa mwezi. Nitakuwa kwenye ndege hiyohiyo.

Mwambie avae koti. Huko juu kuna baridi na mablanketi yetu ni mepesi kama karatasi.

Kuhusu kuruka kwako, sijui niandike nini. Nimeisoma barua hiyo ndani ya gari la wafanyakazi na nikapitiliza kituo.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Unajua kilichotokea, lakini nakuandikia upande wetu wa kioo.

Alivaa koti tangu alfajiri, na ile kofia ya kazi ambayo nilidhani panya wameila. Tulipata kiti cha magurudumu. Tukakaa pale wanapokaa wanaosubiri nafasi, karibu na choo. Baba alikuwa amenyooka kama anayepigwa picha. Kila abiria aliyepita na tiketi yake alimhesabu kwa kidole gotini. Kisha msichana wa dawati akaja, akachuchumaa mbele yake, akasema samahani mzee, imejaa. Timu ya mpira ilikuwa imenunua viti vyote vilivyobaki.

Alimwambia hapana shida, mwanangu, treni ikijaa imejaa. Tulipofika kwenye kioo akaniomba nisimamishe kiti. Mlango wa ndege ulikuwa unafungwa, kisha ikaanza kurudi nyuma. Akapunga. Sikujua kama unaona, na sikupunga mimi.

Nyumbani nilimwinua kutoka kwenye teksi, tukasimama kama ulivyotuona, tukivuta pumzi. Akaniambia sikioni kwamba anajiona mzigo. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nililia mbele yake, mtu mzima na hereni zangu.

Mama jirani ameondoka. Hoteli wamenipa wiki mbili bila mshahara. Baada ya hapo sijui.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Niliwaona. Nilimwomba rubani Baba akalie kiti changu mimi nibaki. Akanitazama kwa huruma akasema mhudumu akipungua ndege hairuki. Kwa hiyo mlango niliufunga mimi. Ni mzito, unavutwa kwa mikono miwili, na nilipokuwa nauvuta kofia yake ilikuwa inaonekana kule kwenye kioo. Nikachukua kipaza sauti nikatangaza kilomita na dakika kama kila siku.

Sitaki tena kubahatisha. Nimemnunulia tiketi kamili kama abiria mwingine yeyote, Ijumaa ijayo, kiti cha dirishani. Hakuna timu itakayomtoa.

Jambo jingine. Nimeomba nitolewe angani. Mtu hawezi kulala mji mwingine ndege ikiharibika huku kuna mzee nyumbani. Ijumaa hiyo ndiyo safari yangu ya mwisho. Baada yake nitakuwa kwenye dawati la kupokea mizigo hapahapa. Nitarudi nyumbani kila jioni.

Mdogo wako


15 Juni

Dada,

Shikamoo. Tumefika salama. Anakusalimu sana.

Alipandishwa kwa lifti ya nje, akaniamkia yeye kwanza, "Hujambo, kondakta?" mbele ya wenzangu wote. Nilimfunga mkanda. Kifungio chake nilikikosa mara mbili, na hiyo ni kazi ninayofanya nikiwa nimesinzia. Ukafika wakati wa kutangaza. Nilisema mabibi na mabwana, umbali ni kilomita elfu moja mia mbili na themanini, nikakwama. Nilimwona amegeuza sikio lake zuri, mkono nyuma ya sikio. Ndege nzima mtu mmoja anasikiliza. Nikarudia tangu mwanzo, taratibu.

Tulipopaa alitazama chini dirishani akitafuta reli. Aliiona, akanionyesha. Kisha akalala, mdomo wazi, kofia usoni, mpaka tunatua. Hakunywa chai wala juisi. Alipoamka aliuliza tumetumia muda gani, nikamwambia saa moja na dakika hamsini na tano. Akasema tumechelewa, na sababu aiandike nani kwenye daftari la safari.

Leo ni mara ya nane nimemwinua. Nimehesabu kwa sababu kila mara najiahidi nitajua pa kushika. Mgongo wangu hauamini. Dada, ulifanyaje miaka yote hii? Swali hilo silijibu kwa niaba yako, wala siombi ulijibu. Nataka ujue tu kwamba sasa naliuliza.

Lala.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimelala. Siku ya kwanza niliamka mchana, nikaruka kitandani nikidhani nimemsahau Baba kwenye kiti. Chumba chake kiko wazi na kinanuka dawa ya mgongo. Nimefua mablanketi yake. Nimekaa. Sijui watu wanaokaa huwa wanafanya nini.

Pa kushika ni hivi: usimvute mikono, itamuuma. Piga goti moja, mpitishie mkono kwapani mpaka mgongoni, mwache akushike shingo, kisha msubiri yeye aseme haya. Asiposema haya usiinuke. Mkisimama msianze kutembea. Vuteni pumzi kwanza. Hapo ndipo husema mambo yake.

Sijui kama nimekusamehe. Nimeacha kujipima. Kifungo kikilegea tena jikazie mwenyewe.

Jana ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika shuka zangu, safari hii si za hoteli, nikasikia ndege inakuja. Nilijua wewe humo ndani yake. Wewe uko dawatini unapima masanduku ya watu, na Baba yuko mlangoni kwenu anamsumbua muuza maziwa kuhusu umbali wa ng'ombe wake. Tangu ile Ijumaa yenu ndege hiyo haina mtu wangu. Ilipita chini kabisa, mpaka bati likatetemeka, na nikajikuta nimeinua mkono, kibanio cha nguo kingali vidoleni. Sikuushusha. Nilimpungia huyo aliyekaa sasa kwenye kiti chako penye kidirisha, mpaka ikatua.

Dada yako